Kahawa ya Msamaha

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake: vumbi la Ibra, mji wetu wa Omani, lililopata moto, likichanganyika na udi aliofukiza bibi baada ya chakula cha mchana. Kiangazi kile shule zilikuwa zimefungwa, baba na mama wako kazini, na watoto wa mtaani walikuwa wakinidhihaki kwa kuniita Zinjibari, mtu wa Zanzibar, hata nikaacha kutoka nje. Nilibaki na bibi, kiyoyozi kilichonguruma, na kanda moja ya filamu ya Kimisri tuliyoitazama karibu kila alasiri. Kila mwanamume wa kwenye kioo alipogeukia upande wetu, bibi alijitanda kanga. "Yule ananitazama," alisema.

Filamu hiyo aliiona kwanza Unguja, katika sinema ya mchana ya wanawake. Shoga yake, Bi Zuhura, aliyejua Kiarabu, aliwafasiria safu nzima kwa sauti. Mlaghai anamposa mwanamke kwa jina la uongo, anampiga picha, kisha anamtisha kwa picha hizo mpaka dhahabu yake yote inamtoka. Mwishoni mwanamke anammiminia kahawa huku akitabasamu. Mlaghai anakunywa, kichwa kinaanguka mezani. "Amemsamehe," bibi alinieleza kila mara. "Naye kalala. Dhambi zinachosha, mwanangu."

Lakini mwalimu wetu alikuwa Mmisri, na lugha yake ilikuwa imeanza kuniingia. Alasiri moja nikayasikia maneno ambayo mwanamke alimnong'oneza mtumishi wake jikoni. Niliogopa kuyasema: bibi angechukia akaizima kanda, ningebaki na nani? Hata hivyo, ulimi wangu haukujua kusubiri.

"Bibi, hajamsamehe. Ametia sumu."

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Najua. Miaka yote hii nakaa Ibra, unadhani sina masikio?"

Nikamuuliza mbona basi ananieleza vingine. Aliyaacha kwanza majina ya waigizaji yapite yote.

"Hivyo ndivyo alivyosema Zuhura. Mimi niliondoka, yeye akabaki, na hata kaburi lake sijaliona. Neno lake hili nalo nilitupe?"

Kisha akaniambia nirudishe kanda mwanzo. Kesho yake tukaitazama tena, na ilipofika kahawa alinitupia jicho. Mimi ndiye niliyesema kwamba amelala.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Nimesoma hadi chuo kikuu na sijaacha kuwabishia: uongo wa Bi Zuhura ulivuka bahari, ukapanda mpaka Ibra, ukadumu na bibi hadi siku tuliyomzika. Sasa filamu ile ninayo kwenye simu, safi, na tafsiri imeandikwa chini ya picha. Naitazama peke yangu katika chumba cha kupanga, na hakuna neno linalonipita. Maandishi yanasema sumu. Kichwa kinaanguka mezani, nami najikuta nasubiri mtu aniambie kuwa amelala.