Upande wa Pili wa Kifaru

Kwa miaka ishirini fundi mabango aliandika "Kinyozi", "Duka la Dawa" na "Usikojoe Hapa", na dada yake aliyemlea hakuwahi kusimama kutazama hata herufi moja. "Rangi za madukani hizo," ndivyo alivyoziita, na maneno hayo yalimchoma fundi kila mara.

Basi alipochaguliwa kupamba sanamu moja ya kifaru kati ya kumi na mbili, za kuwekwa mitaani kuchangisha fedha za wodi ya watoto, kichwa kikamvimba. Akanunua kofia ya kisanii. Yaani kofia! Kichwa chenyewe kina nywele saba. Akamsihi dada aje siku ya uzinduzi, na dada, ajabu, akakubali.

Kifaru wa plastiki ngumu aliletwa karakana akiwa mweupe pe. Fundi akamwegemeza ukutani kama anavyoegemeza kila bango, akavuta kigoda, akaanza. Wiki tatu! Ubavuni akachora wodi nzima: vitanda, muuguzi anayesinzia, mtoto anayeruka kamba, mpaka ndala chini ya vitanda. Kila jioni alirudi nyuma hatua mbili akajisifu kwa sauti. Kuzunguka upande wa pili hakukumjia akilini. Kwani bango lina upande wa pili?

Siku yenyewe wachukuzi wakamvuta kifaru kutoka ukutani. Lahaula! Upande ule mweupe vilevile, na buibui keshajenga.

"Jamani, mimi ni mzima kweli?" fundi akajiuliza. Gari linaunguruma, muda hakuna, na kifaru anakwenda kusimama katikati ya mzunguko wa barabara, aonekane pande zote.

Huko mama mwenyekiti wa kamati akamzunguka kifaru, akashika kidevu. "Weupe huu una maana nzito, sivyo? Watoto ambao bado hawajatibiwa?"

Uongo umeshapikwa na kupakuliwa, kazi ya fundi ni kumeza tu. Akafungua kinywa. Macho yake yakakutana na ya dada.

"Nilisahau, mama," akasema. "Nimezoea mabango. Mtu mzima mimi, nikadhani kifaru ana upande mmoja."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Fundi naye akacheka, akijua dada hatakuja tena kutazama kazi yake.

Dada akamsogelea polepole. "Ule upande mwingine nimeutazama wote," akasema. "Yule muuguzi anayesinzia umempatia, mpaka shingo. Huu umalize kesho. Nitakuja tena kuangalia."