Kilima Nilichokigawa Nusu kwa Nusu

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa Mei, mwanangu, nikiwa nimesimama juu ya kilima cha nyasi kule Mabira, kamba ya katani mkononi, nikiwa na hakika kwamba natenda haki. Hakika ile ndiyo inayonitisha mpaka leo, kuliko hata kosa lenyewe. Umeniandikia kwamba umechaguliwa kwenye kamati itakayowagawia wakulima na wafugaji eneo la malisho, na kwamba ramani tayari unayo. Nimeisoma barua yako mara tatu. Ramani hiyo haikunipa amani, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimevuka Mto Kagera pale Murongo nikitokea chuoni Uganda, kijana wa kwanza wa kijiji chetu kujifunza upimaji. Nyumbani nilikuta ugomvi. Sisi watu wa migomba tulikuwa tukikata nyasi za kilima kile kwa kuezekea nyumba na kutandaza chini ya migomba ili udongo usikauke. Wafugaji wa upande wa pili walizichoma nyasi zilizozeeka ili mvua ikinyesha yachipue majani laini ya ng'ombe. Mwaka uliotangulia mvua iliwahi kabla kukata na kuchoma hakujaisha, kila upande ukajiona umepunjwa, na vijana wakatishiana kwa fimbo. Mkungu, yaani mkuu wetu wa kijiji, akaniomba nilimalize jambo lile kwa elimu yangu.

Nilihesabu kaya. Nilihesabu ng'ombe. Nilikipima kilima kwa siku nne, watoto wakanibandika jina la Bwana Kamba, nami, nakiri, nikalipenda. Mwishowe nilikikata katikati, sawasawa kabisa, nikapanda mstari wa emiramura, ile miti yetu ya mpaka, kutoka bondeni hadi kileleni. Wakulima nusu, wafugaji nusu. Hakuna aliyebisha. Kashaija, mzee wa wafugaji, mtu mrefu aliyesema polepole, ndiye pekee aliyeuliza kitu. Alitaka kujua sasa watajuaje siku ya kuwasha moto.

"Mzee, upande wako ni wako," nilimjibu. "Washa siku unayotaka."

Alinitazama kidogo. "Haya, Bwana Kamba," akasema, akaenda zake.

Swali lile nililisikia vizuri, mwanangu. Sikulisikiliza.

Mwezi wa Julai Kashaija akawasha. Alikuwa na haki ya kuwasha, na mimi ndiye niliyempa. Jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo ni hili: miaka yote kabla ya hapo, wafugaji walikuwa wakingoja wanawake wa kwetu wamalize kukata. Haikuwa amri ya mtu. Kashaija alikuwa akituma mjumbe kuuliza, "Mmemaliza?", na shangazi yangu Nyamwiza, aliyewaongoza wakataji, akishamaliza humpelekea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kibuyu kikifika, moto unawashwa. Kwa kuwa nyasi za karibu na vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, zilikuwa zimekwisha kukatwa, moto ulikuwa ukifika pale unakosa cha kuunguza, unazimika.

Mwaka ule hakuna aliyeuliza, wala hakuna aliyepeleka kibuyu. Kila upande ulikuwa na nusu yake. Shangazi hakuwa na haraka, maana nyasi zilikuwa zake; zilisimama kavu, urefu wa kifua, hadi karibu na mlango wake. Adhuhuri upepo ukageuka. Moto ulivuka mstari wangu wa emiramura kama vile haukuwapo. Migomba yake mingi iliungua, na nyumba yake ya msonge ikawa majivu. Yeye alitoka salama na mbuzi wawili.

Kesho yake tukakaa barazani. Watu wetu walisema Kashaija amechoma kwa makusudi. Wakataka aondolewe pale na ng'ombe wake wote, katikati ya kiangazi, wakati hakukuwa na malisho kwingine ambayo mifugo ile ingeyafikia ikiwa hai. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mkungu, daftari magotini, nikijua ukweli wote na nikipanga hoja kichwani. Kwamba vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Kwamba kiberiti hakikuwa changu. Kwamba nikisema nitauaibisha ukoo, na nikinyamaza, huenda mwingine akasema. Kashaija hakujitetea sana. Alisema aliambiwa awashe siku anayotaka, na hakusema aliambiwa na nani. Hakunitazama hata mara moja. Angenitazama, nadhani ningepata cha kukasirikia.

Shangazi akasimama, nguo zake bado zinanuka moshi.

"Mwanangu, uliponipimia nyasi, uliniuliza nazitaka lini?"

"Hapana, shangazi."

"Na Kashaija ulimwuliza?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nikasema. Nilisema kwamba kilima kile hakikuwahi kuwa cha nusu mbili. Kilikuwa chetu kizima, kisha chao kizima, kwa kungojana, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha waache kuulizana. Nikasema ruhusa ya moto niliitoa kwa kinywa changu. Mjomba wangu mmoja akauliza kama huko Uganda nilifundishwa na ng'ombe, na watu wakacheka, nami nikashukuru kwamba wamecheka. Mkungu aliamua Kashaija abaki, wafugaji walete samadi ya kuifufua migomba, sisi tujenge nyumba, na mimi niing'oe emiramura yote kwa mikono yangu.

Usidhani hofu iliishia hapo. Kiangazi kilichofuata nilikuwa nikitazama kilima kila siku. Julai ikapita, mjumbe hakutumwa. Nikawaza kwamba jambo likishavunjwa na mtu wa daftari, pengine halirudi. Kisha asubuhi moja Kashaija akaja mwenyewe, akasimama nje ya nyumba mpya, akaitikia shikamoo yangu, akamwuliza shangazi, "Mmemaliza?"

"Bado siku tatu," shangazi akasema.

"Tutangoja."

Basi, mwanangu, usiulize tu kila upande unataka kiasi gani. Uliza wanataka lini, na kwa kazi gani, na ni mambo gani wamekuwa wakitendeana ambayo hayakuandikwa popote. Mtu akikuuliza swali linaloonekana dogo siku ya kugawa, weka kamba chini umsikilize mpaka amalize. Nusu mbili zilizo sawa zisikutulize upesi. Zangu zilikuwa sawa. Na ukikosea, kwa maana unaweza kukosea ukiwa na nia njema kabisa, sema mwenyewe kabla aliyeunguliwa nyumba hajasimama kukuuliza.

Emiramura ni miti migumu. Mmoja bado huchipua pale kilimani kila mvua zinapoanza, nami, kwa magoti haya, bado hupanda kwenda kuung'oa.

Mungu akujalie majirani wa kukungoja, akupe na moyo wa kuwangoja. Kamati yako iondoke pale ikiwaacha watu bado wanaulizana.