Sahihi Yake kwenye Risiti Yetu

Nilijua kwamba marehemu baba anadaiwa kodi siku nilipokwenda kuomba mkopo. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa mji mzima, hakuna aliyeshonesha suti tena, na mimi niliyerithi duka la baba la ushonaji pale Ngarenaro nilitaka vyerehani vya umeme nishone sare za shule binafsi zilizokuwa zikifunguliwa kila upande. Benki ikapeleka hati ya nyumba ya baba kwenye ofisi ya ardhi ikapekuliwe. Majibu yakaja kwamba hati ina zuio la ofisi ya kodi, la miaka mingi nyuma: mwenye nyumba hajalipa, nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani.

Mimi niliumia kwa sababu ya mkopo. Mama aliumia kwa sababu nyingine. Kwetu, kabla ya kumswalia maiti, hutangazwa mbele ya watu kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, warithi wapo. Siku ya baba, baba mdogo alitangaza mara tatu na hakujitokeza mtu. Tukaamini kwamba baba ameondoka mwepesi, hatukwenda kuuliza ofisi yoyote. Serikali wala hatukuikumbuka. Sasa mama hakulala wala hakula vizuri, na kila akimaliza kuswali ananiuliza kama mumewe yuko kaburini na deni alilomwambia kwamba amelilipa.

Baada ya siku tatu za kupekua nyumba akatoa kopo la kahawa alilokuwa akihifadhia vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ndani kulikuwa na risiti. Deni lililipwa lote baba akiwa hai, na bangili za dhahabu za mama ndizo zilizouzwa kulilipa. Akanikabidhi risiti ile kwa mikono miwili.

"Usilipe hata senti," aliniambia. "Ukilipa mara ya pili, utakuwa umemfanya baba yako mwongo."

Kwenye ofisi ya kodi, mzee aliyeshika mafaili ya zamani nilimfahamu. Alikuwa jirani yetu kabla hajajenga Njiro na kuzungushia ukuta. Nikamwamkia shikamoo, nikampa risiti. Sahihi ilikuwa yake mwenyewe, na aliitazama vizuri tu. Halafu akasema malipo hayo hayamo kitabuni, kwa hiyo kwake deni bado lipo, nije Alhamisi. Alhamisi faili lilikuwa limepanda juu. Wiki iliyofuata mwenye muhuri alikuwa semina. Alinizungusha hivyo hadi nikawajua walinzi wa getini kwa sauti zao.

Mara ya tano nilimkuta anakunywa chai. Maandazi yake alikuwa ameyapanga juu ya faili la baba, bila hata karatasi chini, na mafuta yalikuwa yamepenya jalada hadi kwenye jina. Akaniambia huku anatafuna kwamba barua ya kuondoa zuio anaweza kuiandika yeye, ila mambo kama haya yana soda yake. Akataja kiasi. Ilikuwa soda ya kunywesha harusi nzima.

Nikamuuliza, "Mzee, wewe ulibeba jeneza la baba. Ilipotangazwa anayemdai ajitokeze, mbona ulinyamaza?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifuta vidole kwenye pembe ya faili, akanitazama kwa upole kabisa.

"Ule ulikuwa msiba, mwanangu," akasema. "Hapa ni ofisini."

Benki ilikuwa imenipa mwisho wa mwezi, na zilibaki siku mbili. Nililipa. Barua ilipigwa chapa na kugongwa muhuri kabla hajamaliza andazi la mwisho, muhuri ule ule uliokuwa semina. Akaniagiza nimsalimie mama. Nilitoka pale nikijiona mchafu, na sikuweza kusema ni nani aliyenitia kinyaa zaidi, yeye au mimi.

Mama alikuwa amekaa kibarazani ananisubiri. Akaisoma barua polepole, akaniuliza yule jirani amesemaje. Nikamwambia amekiri kwamba kosa lilikuwa lake, alisahau kuandika kitabuni, na ameomba radhi. Akaniuliza kama nimelipa chochote. Nikasema sikulipa.

Alilia kidogo, kilio cha kushukuru. Kisha akainua mikono, akamwombea yule mzee dua ndefu, kwa jina lake, Mungu ampe afya na amzidishie riziki. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nikaitikia amina.