Kapu Limepimwa, Damu Bado

Msomaji, wewe hupima mara ngapi kabla ya kuamini? Juzi, kwenye kituo cha kununulia chai kule Suma, mama mmoja alimgomea mnunuzi binafsi: "Siiamini mizani yako, pima tena!" Kapu likapimwa upya. Kisha akanieleza kwamba kisukari chake kimepona kwenye mkutano wa injili, vidonge amevitupa chooni, na Jumapili atashuhudia kanisani kwa mchungaji wake. Alikuwa akigugumia maji, na bado ana kiu.

"Kapu mara mbili, mama, na damu je? Evidence iko wapi?"

"Ndaga, asante sana, msomi usiye na kazi. Kupima ni kumjaribu Mungu."

"Mbona Tomaso aliruhusiwa kugusa majeraha?"

Akaomba maji tena.

Mchungaji, kabla hujampandisha jukwaani kushuhudia Jumapili, mpeleke hospitali akapimwe. Leo!