Mpaka Kabeya Akojoe

Mtoto wa mdogo wangu akinikojolea mapajani, watu hukimbilia kitambaa. Mimi hucheka. Harufu ile, mkojo ukianza kukauka kwenye kikwembe, kitenge nilichojifunga, hunirudisha stesheni ya Kolwezi, mwaka tuliofukuzwa.

Tulikuwa Wakasai, asili yetu mkoa wa Kasai, lakini hata Mama alizaliwa Kolwezi hapo hapo, mtoto wa mchimba shaba. Ghafla wenyeji wakatuita bilulu, yaani wadudu, tukarundikwa stesheni kungoja treni ya kutupeleka Kasai ambako hatukuwa tumewahi kufika. Baba alikuwa ametangulia huko.

Hapo ndipo mdogo wangu Kabeya, bado wa kunyonya, aliposhikwa na kuhara. Macho yakadidimia, utosi ukabonyea, akawa analia bila machozi. Mama alimfinya ngozi ya tumbo, akaitazama inavyochelewa kurudi. Nilimchukia, jamani! Mtoto mgonjwa anafinywa?

Akachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, yakapoa, akatia sukari na chumvi kidogo, kama akina mama walivyofundishwa kliniki siku za kupima watoto. Akaonja.

"Chumvi isipite ya machozi," alisema. Kipimo hicho hakikukosekana pale.

"Usimupe mayi, itatoka yote," jirani alimwonya. Mama akaendelea, kijiko kwa kijiko, akimnyonyesha katikati. Kabeya akitapika, alingoja kidogo, akaanza upya.

Mchana treni ikaja. Kijana mwenye fimbo, mmoja wa waliotufukuza, akatufokea: "Bilulu! Mupande, muende kwenu!"

"Kwetu ni hapa," Mama akajibu bila kuinuka. "Mi sipande. Mutoto akojoe kwanza."

Treni ikaondoka na magodoro yetu yaliyokwisha kupakiwa. Nilitamani ardhi inimeze: nani hukosa treni kwa ajili ya mkojo?

Jua lilipoanza kupoa, mapaja ya Mama yakalowa. Akasimama, akamkunjulia yule kijana kikwembe mbele ya pua.

"Ona! Kilulu yako imekojoa. Sasa leta train yako."

Ukubwani ndipo nilipoelewa: ngozi ile ilimwonyesha Mama kuwa mtoto amekaukiwa maji, na mkojo ungemwonyesha kuwa yamerudi. Ndani ya mabehewa yale hapakuwa na maji, na watoto waliopanda wakihara, wengine walizikwa kando ya reli. Mama hakuwa mkaidi wa bure; alikataa kwenda kumzika mwanawe njiani.

Tuliondoka kwa treni nyingine, na miaka ilipopita tukarudi. Kabeya sasa ni baba, Kolwezi hii hii, na aliyenilowesha leo ni wake. Sibadilishi nguo. Aliyetuita wadudu na aje anuse.