Jina Ambalo Jirani Ataliweza

Naikumbuka siku moja hapa mtaani Bertrams, huku ugenini kwetu, mwaka ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela zimeshanyamaza na mvua za kwanza zimeanza. Mwanangu, wewe unayengoja mtoto, kaa kidogo nikusimulie.

Mkwe wangu Nadège alikuwa amejifungua msichana, na msichana hana jina. Jumapili tumpeleke kanisani, na hiyo ni Ijumaa. Nadège alitaka Ghislaine, jina la mama yake mzazi. Mama huyo alifia kwetu Uvira, Nadège yuko huku, hata kumzika hakuweza. Mume wake, kijana wangu Didier, alikataa.

"Mimi Didier tu, pale getini ninapolinda kila bosi ananiita lake. Hiyo Ghislaine si wataitafuna?"

"Basi mwite Precious kama watoto wa huku, ufurahi," Nadège alimjibu, akageukia ukuta.

Chumba kimoja, mwanangu, watu wazima wawili wamenuniana, na mimi katikati nimeshika mtoto.

Nikamkumbuka mama mkwe wangu, marehemu Nabintu. Nilipozaa wa kwanza, ningali msichana mbichi, nilichagua jina kwenye kalenda ya parokia: Scholastique. Nililipendea urefu wake. Shule sikwenda sana, basi nilitaka hata jina la mtoto lisikike limesoma. Nabintu akanitazama, akasema, "Huyu akikaribia moto nitamwitaje? Nikifika mwisho wa jina, ameshaungua." Nilinuna, lakini mtoto akaitwa Anne, na mpaka leo ukimwita anaitika upesi.

Basi nikambeba mjukuu hadi mlango wa pili, kwa Gogo, ndivyo huku wanavyomwita bibi, jirani yetu Mzulu. Ndiye aliyekubali kukaa naye, Nadège akirudi saluni kusuka na mimi nikirudi kuuza mboga zangu za lengalenga. Nadège akanifuata. Nikamwambia Gogo kwa Kizulu changu cha kuokoteza: "Mwite mtoto. Anaitwa Ghislaine."

Gogo akajaribu. Akajaribu tena, akashika kiuno. Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti. "Eish, Mama! Kwangu huyu ni Nomvula. Amekuja na mvua."

Nadège hakucheka. Machozi yalimlenga. "Mnaona? Kila mtu atampa lake. Mama yangu atapotea kabisa."

Neno hilo lilinichoma. Nikamkalisha karibu yangu, nikamuuliza, "Kule Uvira, sokoni, watu walimwita mama yako Ghislaine?"

"Nani amwite hivyo? Hata baba hakumwita. Alikuwa Mama Odette."

Odette ni dada mkubwa wa Nadège, kifungua mimba wa nyumba yao. Yuko Uvira mpaka leo, na mdomo wake unajulikana sokoni kote.

Uso wa Nadège ukaanza kufunguka polepole.

"Mama, nikimpa huyu Odette, mimi wataniitaje?"

"Watakuitaje tena? Mama Odette. Saluni, kanisani, barabarani, kila mahali."

Akaziba mdomo kwa mkono. Nikamgeukia Gogo, nikampa jina. "Odette!" akaita, sauti ikafika hadi spaza ya pembeni, mwenye duka akachungulia. Kisha Gogo akamsukumia Nadège mtoto: "Na wewe, Mama Odette, mnyonyeshe mwanao, analia."

Nadège alicheka na kulia kwa pamoja. Didier aliporudi kutoka kazini alikuta chumba kina kelele, na jina hilo hakulikataa. Odette wa Uvira, alipopigiwa simu, alitaka kwanza kujua somo wake ana pua ya nani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mpe mtoto jina la kwenu, la Kifaransa kama ndilo mlilozoea, wala usione haya mbele ya watu wa hapa. Lakini kabla ya kuliandika, mpelekee yule atakayekulelea mtoto, aliite kwa sauti akiwa mlangoni. Likimshinda usimkasirikie, na usikimbilie jina lisilokujua. Rudi kwenu. Uliza shangazi, uliza namna watu walivyoitana sokoni na uani. Mtu unayemlilia ana majina mengi, na mojawapo litapita katika mdomo wa jirani.

Mungu akupe mtoto mwenye afya, akupe na majirani wa kumwita. Na kila atakapoitwa, aitike, nawe umsikie.