Vigingi Shambani kwa Bibi

Miaka ile viwanja vilipimwa kila kona ya Dodoma, na mimi, niliyeishia darasa la saba, nilikuwa kibarua wa kubeba vyuma vya wapima ardhi. Jumamosi moja bosi aliniazima jipiesi, kimashine kama redio ya mkononi kinachopokea satelaiti na kukuambia umesimama wapi. Nikawaza jinsi watoto wa mtaani kwetu Nkuhungu watakavyofurahi kujifunza namba porini badala ya ubaoni.

Nilificha kopo la karanga na penseli kwenye kichuguu, zawadi ya watoto kuitafuta kwa kimashine, nikaandika namba za vituo vitatu vya kupitia. Ili wasipotee, kila kituo nikasimika kigingi chenye kichwa chekundu, kama vya kazini. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Watoto walitangulia mbio, wakisoma kimashine kwa kupokezana. "Mita arobaini! Thelathini na mbili!"

"Kobe wewe, unaenda huku umeishika kichwa chini!"

Kituo cha pili kilikuwa ukingoni mwa shamba la uwele. Tulimkuta bibi mmoja akikata masuke mabichi kwa kisu, yakiwa bado na maziwa ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeshafika? Ngojeni nimalize mstari huu. Kwa dada yangu ilikuwa hivihivi. Leo kigingi, keshokutwa katapila."

 Niling'oa kigingi mbele yake.

"Ni mchezo tu, bibi. Nisamehe. Wa watoto."

"Mchezo," alisema, akitazama mistari miwili aliyokwisha kuikata. Uwele ule mbichi ulifaa kulisha mbuzi tu sasa.

Binti mdogo akamsogezea kimashine. "Tukuoneshe? Kinajua kila mahali."

"Kinajua shamba hili la nani?"

Mtoto akabonyeza, akabonyeza tena. "Hapana, bibi. Kinajua lilipo tu."

Bibi akanigeukia. "Na wewe, mjukuu wangu, wakikutuma kweli, utaniambia mapema?"

Nikasema ndiyo, watoto wote wakinisikia.

Jumatatu, kabla ya kubeba vyuma, nilimwomba bosi anioneshe ramani. Mstari wa barabara mpya ulikata shamba la bibi katikati. Nikamwomba tuanzie upande wa pili, ili yule bibi avune kwanza. Alinitazama kidogo, akasema sawa, lakini baada ya mavuno hakuna kungoja.

Jioni nilikwenda kumwambia bibi yote mawili: kwamba barabara inapita, na kwamba atavuna kwanza.